Mnyama Atagaye Mayai na Kunyonyesha

Mtoto wa Tarime achungaye ng'ombe za baba yake ajua mengi juu ya uzazi. Ng'ombe huchukua mimba kwa muda wa miezi tisa hivi. Siku zote hizo ndama hupata chakula katika damu ya mama yake, kwa njia ya kondo na kitovu. Kwa hiyo azaliwapo amekwisha kukamilika. Ndama wa nyumbu wa Serengeti husimama baada ya dakika chache tu, akafuatana na kundi. Lakini mamba wa Mto Mara hutaga mayai, wala hana maziwa.

Basi mtoto huyo angeweza kusema, "Anyonyeshaye hatagi, na atagaye hanyonyeshi." Kwa wanyama wa Mara neno hili ni kweli. Hata kakakuona, ijapokuwa ana magamba, huzaa na kunyonyesha. Lakini si kweli kwa dunia nzima.

Katika nchi ya Australia yuko kangaruu. Mimba yake ni ya mwezi mmoja hivi. Mtoto azaliwapo ni mdogo kama haragwe, hana manyoya, wala hajafumbua macho. Hata hivyo hupanda kwa miguu ya mbele katika manyoya ya mama yake, akaingia katika mfuko wa tumboni, akaishika chuchu kwa kinywa. Humo hukaa miezi mingi akinyonya na kukua.

Huko huko yuko platipasi, mwenye manyoya mwilini na mdomo kama wa bata. Ngozi yake ilipofika Uingereza, mtaalamu George Shaw, aliyeandika habari zake mwaka 1799, alishuku kwamba labda mtu ameushona mdomo ule kwa hila. Wataalamu wakabishana miaka mingi juu ya uzazi wake, mpaka mwaka 1884 William Caldwell, aliyekwenda Australia, alipoyaona mambo yenyewe. Platipasi hutaga mayai, mara nyingi mawili, yenye ganda laini, akayaatamia shimoni siku 10 hivi. Watoto wakianguliwa hunyonya. Lakini mama hana chuchu. Maziwa hutoka katika ngozi ya tumbo mfano wa jasho, nao huyaramba katika manyoya.

Basi ng'ombe, kangaruu na platipasi ni wa jamii moja. Njia zao za kuzaa ni tatu, lakini wote huwalea watoto wao kwa maziwa. Nao waliobisha bila kuona walishindwa na yule aliyekwenda kutazama.