Fahamu: Kwa nini kumtoa mrushaji huzua ghadhabu katika besiboli

Kila Oktoba, ligi kuu ya besiboli ya Marekani inapofikia hatua ya mtoano, mashabiki huwajia juu mameneja, yaani makocha wakuu. Hoja kuu huwa moja: mrushaji ametolewa mapema mno, au amechelewa kutolewa.

Mrushaji ni nani?

Ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Akitolewa, haruhusiwi kurudi katika mchezo huo.

Kwa nini atolewe akiwa bado anang'ara?

Takwimu zinaonyesha kuwa wapigaji hufanya vizuri zaidi wanapokutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu katika mchezo mmoja. Wameshauzoea mpira wake, naye ameanza kuchoka.

Mifano miwili

*2003:* Boston Red Sox wakiongoza 5-2 dhidi ya New York Yankees, meneja Grady Little alimwacha mrushaji wake Pedro Martínez aendelee. Yankees walisawazisha, kisha wakashinda 6-5. Little hakuongezewa mkataba.

*2020:* Katika mchezo wa sita wa fainali, meneja Kevin Cash wa Tampa Bay Rays alimtoa mrushaji wake Blake Snell, timu ikiongoza 1-0, baada ya mirusho 73 tu. Los Angeles Dodgers walishinda 3-1 na kutwaa ubingwa.

Nani yuko sahihi?

Takwimu huonyesha uwezekano, hazitoi hakikisho. Uamuzi wa meneja upimwe kwa yale aliyoyajua alipouchukua, si kwa matokeo pekee.