Kompyuta imeona dawa kwenye mmea? Usikimbilie kulima ekari

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Zegereni alinifuata na simu mkononi. "Bwana shamba, kompyuta imethibitisha mlonge unaua virusi. Nang'oa mihogo ekari mbili niweke mlonge. Si viwanda vya dawa vipo hapa hapa?"

Nikamwambia tukae kwanza chini ya mwembe.

Ni kweli, siku hizi dawa nyingi zinaanza kutafutwa kwenye kompyuta. Chukulia protini ya kijidudu kama kufuli, na kemikali iliyo kwenye jani kama ufunguo. Programu inalijua umbo la kufuli, inajaribisha funguo kwa maelfu, kisha inazipa alama: huu unakaa, huu unapwaya. Hata mimea yetu imo. Mwaka 2020 watafiti walichapisha hazina ya kemikali za asili za Afrika Mashariki, zaidi ya 1,800, ili zipitishwe kwenye chujio hilo.

Lakini chujio ni chujio tu. Ufunguo unaweza kukaa vizuri kwenye kompyuta, ukifika mwilini ini likauvunja, au ukafungua na mlango wa moyo. Ndiyo maana baada ya hapo kuna maabara, kuna wanyama, halafu watu. Miaka kumi ni kawaida. Na katika dawa zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, kama tisa kati ya kumi zinaishia njiani. Kijana wangu alikuwa na hatua ya kwanza tu kwenye simu.

Haya, tuseme mmea umefaulu hadi mwisho. Mkulima ametoka? Angalia artemisia. Ile ni dawa kweli kweli. Dawa mseto ya malaria tunayomeza inatokana nayo, na Tu Youyou wa China alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto, wakulima wa Tanzania na Kenya nao wakaingia shambani. Mwaka 2005 kilo ya artemisinini ilipita dola 1,000. Kila mtu akalima. Kufika 2007 ilikuwa karibu dola 200. Halafu 2013 Sanofi wakaanza kuizalisha kiwandani wakitumia hamira iliyobadilishwa vinasaba.

Hapo ndipo penye mtego, na wengi hawauoni: kompyuta haitafuti mlonge, inatafuta molekuli. Ikiwa rahisi kutengenezwa kiwandani, shamba lako halina kazi. Kwinini imepona kwa sababu kuitengeneza maabara ni ghali, ndiyo maana bado inatoka kwenye magome ya mti.

Kuhusu viwanda vya hapa, Kairuki wanatengeneza maji tiba, yale ya dripu. Hayo ni maji, chumvi na sukari, majani hayamo.

Nikamuuliza maswali yangu: Nani ananunua? Anataka mabichi au makavu? Kilo ngapi, bei gani, na mkataba wa maandishi uko wapi? Mlonge una soko lake dogo la unga wa majani na mafuta ya mbegu, basi apige hesabu kwa soko hilo, si kwa virusi.

Mihogo iko palepale. Mlonge ameupanda mpakani, miche ishirini, na akaahidi kuniletea jina la mnunuzi. Bado namsubiri.