Kumwaga Vifaranga Ziwani Si Kuongeza Samaki

Kila samaki wakipungua Ziwa Victoria, swali ni lilelile: kwa nini serikali isimwage vifaranga vya sato? Nimeulizwa mialoni, semina na mikutanoni, na jibu halijabadilika.

Anayeuliza anaamini kwamba vifaranga vilivyomwagwa ndio samaki watakaovuliwa. Si kweli. Hotuba hutaja idadi kubwa, picha za ndoo zikimiminwa hupigwa, na mwaka ukiisha hakuna awezaye kusema vingapi vilifika wavuni. Kwa macho, sato wa kituoni na sato aliyezaliwa kwenye matete ni wamoja. Bila alama, mavuno yakipanda tunajisifu, yakishuka tunawalaumu wavuvi, na kote huko hatuna ushahidi.

Wenye ushahidi ni wasimamizi wa Ziwa Michigan, Marekani. Samoni aina ya Chinook walipandikizwa humo kuanzia 1967 ili wawale samaki wadogo, alewife, waliokuwa wamefurika ziwani. Kwa miongo kadhaa wengi waliamini uvuvi huo unabebwa na vituo vya vifaranga. Miaka ya 2010 karibu kila kifaranga cha Chinook kikaanza kutiwa alama: mashine hukata pezi dogo la mafuta lililo karibu na mkia, kisha huchoma puani kipande cha waya chenye urefu wa milimita 1 hivi na namba ya kundi. Waya huo hauna betri wala haumfuatilii samaki. Akivuliwa asiye na pezi hilo, kichwa hupelekwa maabara, waya hutolewa na namba husomwa kwa hadubini.

Alama hizo ziliivunja imani ile. Zaidi ya nusu ya Chinook wa Michigan walikuwa na pezi lao, yaani walizaliwa mitoni, bila kituo chochote. Wengine waliovuliwa humo walikuwa wamemwagwa Ziwa Huron, wakahama kutafuta chakula baada ya alewife wa Huron kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huron liliendelea kupokea vifaranga, na uvuvi wake wa Chinook ukaanguka vilevile, kwa sababu chakula hakikuwepo. Ndiyo maana wasimamizi wa Michigan walipunguza upandikizaji mwaka 2013, kisha tena 2017. Mnaodai vifaranga zaidi, someni hapo.

Kwetu, kifaranga cha sato kikimwagwa mbele ya sangara ni chakula chake; kikimwagwa penye kokoro, kitaishia kwenye kokoro. Idadi ya ndoo haibadilishi hilo.

Anayeshikilia kupandikiza afanye hivi. Sato hana pezi la mafuta, kwa hiyo atumie waya na kigunduzi chake, au aloweke vifaranga kwenye rangi inayobaki katika vijiwe vya masikio, au ahifadhi vinasaba vya wazazi walioko kituoni. Samaki wakubwa wavishwe lebo ya plastiki, na mvuvi anayeirudisha alipwe. Aandike tarehe, mahali na ukubwa wa kila kundi. Aache ghuba nyingine bila vifaranga ili kulinganisha. Atenge fedha za wakaguzi wa mialoni kabla ya kununua kifaranga cha kwanza.

Bajeti isiyotosha kutia alama na kuzisoma haitoshi kumwaga vifaranga. Fedha hizo zikalinde mazalia na kuondoa makokoro, sato wazaliane wenyewe.