Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Muulize kijana yeyote wa Dar anayetaka kumfurahisha mpenzi wake: utampeleka wapi? Hatafikiri mara mbili. Zanzibar! Boti ya asubuhi, urojo na mishikaki Forodhani, halafu Nungwi au Paje siku mbili tatu. Picha zikirudi, wivu unawaua marafiki.

Sawa. Lakini umewahi kujiuliza wenyeji wanakuonaje unaposhuka bandarini na begi lako la magurudumu?

Tuanze na hesabu. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya 600,000. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi takriban milioni 1.9. Yaani kwa kila wakazi watatu, mgeni mmoja kwa mwaka. Na hapo mimi na wewe wa kutoka Bara hatumo.

Watu wengi wakisikia kuna mvutano kati ya wenyeji na watalii, wanadhani ni habari ya nguo tu. Nguo zimo, tena sana. Karibu wakazi wote ni Waislamu, na bikini inayokubalika ufukweni ni matusi ikikatiza kijijini watoto wakitoka madrasa. Mwaka 2021 serikali ilifika hatua ya kutangaza faini kwa watalii wasiojistiri. Lakini nguo ni kitu cha dakika moja: unavaa kanga, yameisha. Yanayouma zaidi hayafunikwi na kanga.

Chukua maji. Utafiti wa shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, uliotoka mwaka 2012, ulionyesha kuwa mtalii Zanzibar anaweza kutumia maji baridi hadi mara 16 ya mwenyeji. Kisiwa hiki kinategemea sana maji ya chini ya ardhi. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama anayesubiri ndoo yake ijae, huku upande wa pili wa ukuta kuna bwawa la kuogelea, tena bahari ipo hapo hapo!

Halafu kuna bahari yenyewe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Wengi wao, pesa ya mwani ndiyo ilikuwa ya kwanza kushika mikononi mwao wenyewe. Maji yakitoka wanaingia na vijiti na kamba zao. Bahati mbaya, pwani hiyo hiyo yenye maji mafupi na upepo mzuri ndiyo inayopendwa na wanaoteleza kwa ubao wakivutwa na kishada. Nilipokuwa Paje nilizungumza na bibi mmoja mkulima wa mwani, umri wa mama yangu. Nilitegemea awalaumu Wazungu. Wala! Alisema wageni hawana tatizo, wengine wanamsalimia vizuri kabisa. Kinachomkera ni kwamba mambo ya pwani yao yanaamuliwa na hakuna anayekuja kumuuliza.

Mimi naona kiini cha ugomvi ni hapo. Watu wanachukia kufanywa wageni kwao, basi.

Na ajira ndiyo inayotugusa sisi. Ingia hoteli nyingi za ukanda wa pwani, anayekupokea mara nyingi ametoka Arusha, Dar au Kenya. Hoteli zinataka Kiingereza na uzoefu, na baadhi ya familia za Kizanzibari hazipendi binti yao afanye kazi penye pombe. Kijana wa kijiji anabaki nje ya geti, anageuka papasi, anakufuata ufukweni akikuuzia safari ya pomboo. Unamwona msumbufu. Yeye anaona umekaa kwenye ufukwe aliojifunzia kuogelea.

Julai 2024 waandamanaji wa Barcelona waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Zanzibar haijafika huko, na ustaarabu wa pwani ni mkubwa. Ila mtu kukukaribisha kwa tabasamu si lazima awe ameridhika.

Kwa hiyo tusiende? Nendeni, tena sana. Utalii unalisha familia nyingi mno visiwani. Ila mkikaa wawili kupanga safari, jadilianeni na haya:

Mtalala wapi? Nyumba ya wageni ya mwenyeji inaacha pesa kijijini. Ulizeni wafanyakazi wanatoka wapi.

Mtakula wapi? Mlo mmoja kwa siku uwe nje ya hoteli, kwa mama ntilie.

Mtatembeaje? Mabusu ni ya chumbani. Njiani vaeni vya heshima, na msikanyage kamba za mwani.

Mtasalimiaje? Kujua Kiswahili hakukufanyi mwenyeji. Tena sisi ndio tunaojisahau, tunampita mzee bila shikamoo na kumpiga picha bila kumwomba, wakati Mjerumani amejifunza "jambo" lake kwenye ndege.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hamtapewa, mmeshalipia chumba. Lakini kabla hamjapanda boti kurudi, ulizaneni kimya kimya: mwenyeji naye kapona nini kwa sisi kuja?