Injini ya Arobaini Ikifika Duluti

Mto Nduruma huanzia kwenye miteremko ya Mlima Meru, hupita katikati ya mashamba ya maua na mboga, na maji yake yasiyoishia kwenye mifereji ya umwagiliaji huingia Mto Kikuletwa na kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo mkazi wa Nduruma, ingawa yuko mbali na bahari, hayuko mbali na maji yanayobeba boti. Ziwa Duluti liko jirani, pale Tengeru. Maziwa ya Momella yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nyumba ya Mungu lenyewe, mpakani mwa mikoa ya Kilimanjaro na Manyara, ni bwawa pana la wavuvi wa perege. Kwa mji unaoishi kwa utalii kama Arusha, wazo la kuweka boti la kutembeza wageni linakuja lenyewe, na boti linalofaa zaidi kwa kazi hiyo ni la pantoni: jukwaa bapa lenye viti na paa la turubai, lililolazwa juu ya mitungi miwili mirefu ya alumini.

Boti za aina hii zilianza Marekani mwaka 1952, pale Ambrose Weeres wa jimbo la Minnesota alipofunga jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma yaliyounganishwa na kulishusha ziwani. Uzuri wake hauhitaji maelezo marefu. Boti la pantoni haliyumbi ovyo, linaelea kwenye kina kidogo, na bibi wa miaka 70 anapanda bila kushikwa mkono. Ubaya wake ni kwamba ni zito kusukumwa, na ule ubapa pamoja na paa vinakamata upepo. Injini isipochaguliwa vizuri, boti hilo huwa kero kwa nahodha na hasara kwa mwenye mali.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza: nguvu farasi ngapi? Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza. La kwanza ni boti litaelea kwenye maji gani, na yako juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari.

Nguvu inayoandikwa kwenye kifuniko cha injini hupimwa katika hali ya hewa iliyo karibu na ile ya usawa wa bahari. Injini ya petroli huvuta hewa, huichanganya na mafuta na kuiunguza. Hewa ikiwa nyepesi, kinachoungua kinapungua. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Sasa piga hesabu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini ya 40 inayosukuma mtumbwi wa sangara kule Mwanza inafanya kazi ya 35 na kidogo. Duluti liko karibu na mita 1,290, na pale injini hiyohiyo inabaki na 35. Ikipelekwa Naivasha, Kenya, kwenye mita 1,884, inashuka hadi 32 hivi. Nyumba ya Mungu, lililo chini ya mita 700, ndilo lenye nafuu: injini ya 40 inabaki na 37.

Kuna jambo la pili linaloambatana na hilo. Injini ya kabureta hupima mafuta kana kwamba hewa haijapungua, hivyo huku juu inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Dalili zake fundi huziona haraka: moshi mweusi, injini inayosita ikipewa mafuta kwa ghafla, na plagi inayotoka na masizi laini meusi badala ya rangi ya kahawia. Dawa ni kubadilisha jeti kuu ya kabureta na kuweka yenye tundu dogo zaidi. Injini zinazopuliza mafuta kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe na haziingii kwenye shida hiyo, ila nazo haziwezi kurudisha hewa ambayo haipo.

Baada ya hewa, linalofuata ni pangaboi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Ukilishika mkononi utaona namba mbili zimegongwa kwenye chuma chake, kwa mfano 13 na 11. Ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na mapanga, kwa inchi. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao pangaboi lingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama lingekuwa linajikaza kwenye kitu kigumu kama skrubu kwenye mbao. Hatua ya inchi 11 ni sentimita 28. Chukua injini inayozunguka mara 5,500 kwa dakika na giaboksi ya uwiano wa 2.33 kwa 1: pangaboi lenyewe linazunguka mara 2,360 hivi kwa dakika, nalo kinadharia lingesafiri karibu kilomita 40 kwa saa. Maji ni laini na huteleza, na kwenye boti la pantoni robo ya umbali huo au zaidi hupotea. Linabaki boti la kilomita 30 kwa saa au pungufu, mwendo unaowatosha kabisa watu waliokuja kutazama ndege.

Pangaboi la boti jembamba la mwendo kasi huwa na hatua ndefu, inchi 17 au 19. Likifungwa kwenye pantoni lililobeba watu 10, injini inashindwa kufikia mizunguko yake, inaunguruma kwa taabu, inachemka na kula mafuta bila boti kwenda popote. Huku milimani hali inakuwa mbaya zaidi kwa sababu nguvu imeshapungua kabla ya safari kuanza. Ndiyo maana viwanda hutengeneza injini maalumu za kusukuma mizigo, zenye giaboksi ya uwiano mkubwa na pangaboi pana lenye hatua fupi. Mercury huziita Command Thrust, Yamaha huziita High Thrust. Zinafanya kazi kama lori la mbao linalopanda Kitonga kwa gia ndogo: halikimbii, ila halikwami. Kwa pantoni la biashara, injini ya 50 ya namna hiyo ni bora kuliko ya 70 ya kawaida, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya mtu kulipia kasi ambayo hataitumia.

Mzigo nao una hesabu yake, na kila mwenye boti anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Mtungi wa kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 6 una ujazo wa mita za ujazo 1.7. Ukizama wote unabeba kilo 1,700. Miwili inabeba 3,400. Boti salama linatakiwa kuelea mitungi ikiwa imezama nusu, basi uzito wote unaoruhusiwa ni kilo 1,700 hivi. Jukwaa, viti na mitungi vyenyewe vinaweza kula 800. Injini, tangi la mafuta na betri vinakula 150. Kinachobaki kinatosha abiria 10 wa kilo 75. Akipanda wa 13 au wa 14, mitungi inadidimia, ubapa wa jukwaa unakaribia maji, na injini inasukuma mzigo ambao haikuchaguliwa kwa ajili yake. Nchi hii inajua gharama ya kupuuza hesabu hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, kikiwa kimejaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walikufa. Kile hakikuwa boti la wageni la kwenye ziwa dogo, lakini kanuni ya maji haibadiliki kwa ukubwa wa chombo.

Kemia ya maji nayo inastahili kuangaliwa, hasa na watu wa Meru ambao wamezoea maji yenye floraidi na magadi. Alumini inalindwa na ngozi nyembamba ya oksidi inayojitengeneza yenyewe juu yake. Kwenye maji matamu ngozi hiyo hudumu. Kwenye maji makali ya magadi, kama ya Momella Kubwa au Manyara, inayeyuka, na chuma kinaliwa polepole: mitungi ya pantoni kwanza, kisha mguu wa injini ambao nao ni wa alumini. Momella wageni hupiga makasia kwenye mitumbwi chini ya usimamizi wa hifadhi, na hivyo ndivyo inavyofaa kubaki. Kwa Duluti na Nyumba ya Mungu tahadhari ni nyepesi zaidi, ila vile vipande vya chuma vinavyofungwa kwenye mguu wa injini ili viliwe badala yake viendane na maji. Injini iliyotumika Tanga au Dar es Salaam kwa kawaida ina vipande vya zinki, ambavyo kwenye maji matamu hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi. Vinavyofaa huku ni vya magnesi.

Kati ya injini za petroli, mvutano wa Tanzania ni kati ya za mipigo miwili na za mipigo minne. Wavuvi wengi wamezoea Yamaha Enduro ya 40, yenye mipigo miwili, silinda mbili na sentimita za ujazo 703. Ina uzito wa kilo 70 na kidogo, fundi wa mwaloni anaifungua kwa spana chache, na vipuri vyake vinapatikana Mwanza na pwani yote. Lakini injini za mipigo miwili za kabureta hutema robo ya mafuta bila kuyaunguza, wakati mwingine zaidi, na oili iliyochanganywa kwenye petroli hutoka nayo. Ya mipigo minne ni nzito zaidi kwa kilo 20 au 30, inatumia takriban lita 0.3 za petroli kwa kila nguvu farasi kwa saa ikiwa mbio, yaani lita 12 kwa injini ya 40, na abiria wanaweza kuongea bila kupiga kelele. Kwa boti la wageni kwenye Nyumba ya Mungu, ambako maji ni mapana na upepo wa mchana una nafasi ya kujenga mawimbi, mipigo minne ya 40 hadi 60 ndiyo yenye maana.

Duluti ni habari nyingine kabisa. Ni ziwa la kreta la hekta zipatazo 60, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na kulizunguka lote ni kilomita 3 hivi. Kupeleka pale injini ya petroli ni kuharibu kile ambacho mgeni amekifuata. Ziwa la kreta halina mto wa kulisafisha, hivyo oili inayoingia haiondoki. Na kwa kuwa safari nzima kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa haifiki dakika 40, injini ya umeme inaimudu bila jasho. Pantoni la watu 10 kwa mwendo huo linahitaji karibu kilowati 1. Injini ya kilowati 3 inaacha akiba ya kutosha kwa upepo. Betri ya lithiamu ya kilowatisaa 5, yenye uzito wa kilo 50 hivi, inaendesha boti saa 4. Paneli nne za wati 400 juu ya paa zinairudishia nguvu hiyo kwa siku moja ya jua, ingawa Juni na Julai, mawingu ya Meru yanapokaa hadi mchana, chaja ya umeme wa TANESCO itahitajika. Jambo la kufurahisha ni kwamba injini ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo mwinuko hauipunguzii chochote. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kampuni ya Asobo imekuwa ikiwakodishia wavuvi injini za namna hii, na kama zinahimili kazi ya uvuvi, matembezi ya Duluti haziwezi kuyashindwa.

Yabaki mambo ya ufungaji. Urefu wa mguu wa injini huja kwa inchi 15, 20 au 25. Mitumbwi mingi huchukua mfupi, lakini pantoni karibu siku zote linataka wa 20, na kubwa lenye mitungi mitatu linataka wa 25. Mguu ukiwa mfupi, pangaboi linavuta hewa kila wimbi linapopita katikati ya mitungi. Injini inapiga yowe na boti linasimama. Kinachoangaliwa ni lile bamba bapa lililo juu ya pangaboi: boti likiwa na mzigo, libaki ndani ya maji hata kwenye kona.

Vipuri ni kigezo ambacho Arusha haiwezi kukikwepa, kwa sababu hakuna mwaloni hapa wenye mafundi kumi wa kuchagua. Ole Evinrude alianza kutengeneza injini za kupachika huko Milwaukee mwaka 1909, na jina lake likawa maarufu duniani kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2020 kampuni iliyokuwa ikilimiliki ilisitisha uzalishaji. Anayenunua injini iliyotumika ahakikishe kwanza kwamba impela ya pampu ya maji, plagi na sili za giaboksi za modeli hiyo zinauzwa Mwanza, Tanga au Dar es Salaam. Impela ndiyo ya kwanza kufa kwenye maji ya tope, kwa vile mchanga huisaga.

Kibali cha chombo na ukaguzi wa usalama viko kwa TASAC, na ndani ya msitu wa hifadhi ruhusa ya wenye msitu inatangulia. Kabla ya kulipa, boti lijaribiwe likiwa na uzito wake kamili: mifuko ya mchanga kwenye viti vyote, tangi limejaa, mkono wa mafuta hadi mwisho, jicho kwenye saa ya mizunguko. Injini ya mipigo minne iliyoandikiwa mizunguko 5,000 hadi 6,000 ikiishia 4,400, pangaboi lishushwe hatua inchi 3 au 4, kwani kila inchi huongeza mizunguko 150 hadi 200, kisha jaribio lirudiwe. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo lifanyike ziwani, kwenye mwinuko ambako boti litafanya kazi, aachwe na injini yake.