Vinyama katika sehemu za siri: neno kwa wababa wa Likasi

Miaka kadhaa iliyopita, wazee wa kanisa pamoja nasi wachungaji tuliketi kuamua neno la nyumba moja hapa Likasi. Baba alikuwa ameona vinyama vidogo kwenye uume wake. Akamgeukia mke wake na kusema: «Wewe ndiwe umeniletea.» Mama alilia, akasema hajamjua mwanaume mwingine. Sisi tuliosoma theolojia lakini hatukusoma udaktari tulichukua vinyama vile kuwa ushahidi. Mama yule alizuiliwa meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Tulikosea, na kosa lile ndilo linatusukuma kuandika leo mambo ambayo wengi wanaona haya kuyasema kanisani.

Vinyama hivyo ni chunjua za sehemu za siri. Wengine husema masundosundo, na madaktari wetu wenye kusema Kifaransa wanaita «crête de coq», yaani kilemba cha jogoo, kwa sababu vikiwa vingi na kushikana vinafanana nacho. Si uchawi. Vinaletwa na virusi vya papiloma, ambavyo hospitalini vinaandikwa HPV. Aina zake zinapita 200. Aina ya 6 na ya 11 ndizo huleta karibu chunjua 9 kati ya 10. Aina ya 16 na ya 18 kwa kawaida hazionyeshi chunjua yoyote, lakini ndizo zinazoleta karibu kansa 7 kati ya 10 za shingo ya kizazi kwa wamama. Basi chunjua yenyewe si kansa. Lakini mwanaume aliyepata aina moja anaweza kuwa amepata nyingine pia, na hiyo nyingine haionekani kwa macho.

Mwanaume anavipataje? Ngozi inagusa ngozi wakati wa tendo la ndoa, na hiyo inatosha. Si lazima mbegu zitoke, wala si lazima mwenzake awe na kidonda. Mtu asiye na chunjua hata moja anaweza kuambukiza. Kapote inasaidia, na tusiidharau, lakini haifuniki pumbu wala kinena, kwa hiyo haizuii yote. Kutahiriwa nako kunapunguza hatari: huko Rakai, Uganda, watafiti waliwafuata wanaume waliotahiriwa na wasiotahiriwa, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba waliotahiriwa walikutwa na aina za hatari za virusi hivi mara chache zaidi. Kwetu Katanga wengi wametahiriwa tangu utoto. Wasifikiri kwamba hiyo ni kinga kamili.

Sasa neno ambalo sisi hatukulijua siku ile. Tangu virusi viingie mpaka chunjua itokee, mara nyingi hupita majuma au miezi, na mara nyingine miaka. Wengine havitoki kabisa, na mwili unavishinda wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kijana anaweza kuvipata Kolwezi kabla ya ndoa, akavionea Likasi akiwa na mke na watoto. Hakuna daktari anayeweza kutazama chunjua na kusema nani alimletea nani, wala mwaka gani. Tukumbuke kuhani wa Walawi 13: aliyekuja na alama kwenye ngozi hakuhukumiwa haraka. Kuhani alingoja siku saba, akatazama tena. Sisi hatukungoja hata siku moja.

Mwanaume atazame nini? Chunjua ni vinyama laini, vya rangi ya ngozi au vyeusi zaidi, kimoja au vingi, juu ya uume, chini ya govi, kwenye tundu la mkojo, kwenye pumbu, kinena au kuzunguka njia ya haja kubwa. Kwa kawaida haviumi. Vinaweza kuwasha, au kutoa damu kidogo vikikwaruzwa. Lakini vipele vidogo vinavyofanana vyote, vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume na haviongezeki, ni maumbile tu. Vijana wengi wanavyo na wanahangaika bure. Vinyama bapa vyenye majimaji vinaweza kuwa kaswende, ambayo inapimwa kwa damu na kutibiwa kwa sindano ya penisilini. Ndiyo maana tunasema: onyesha muuguzi au daktari, usijipime mwenyewe.

Wala usijitibu. Tumemwona baba aliyejipaka maji ya betri, akabaki na kidonda kibaya kuliko kile alichotaka kuondoa. Hospitalini kuna dawa za kupaka, kuna kugandisha kwa baridi kali, kuna kuchoma kwa umeme, kuna kukata. Dawa inaondoa chunjua, haiondoi virusi, kwa hiyo zinaweza kurudi, hasa katika miezi ya kwanza. Zikirudi, si kwamba umefanya dhambi mpya. Zikiwa nyingi sana au zisipokubali dawa, pima damu ya sida, kwa sababu mwili uliodhoofika unashindwa kupigana nazo.

Baba ukishatibiwa, mwambie mke wako. Yeye aombe kupimwa shingo ya kizazi, chunjua ziwepo au zisiwepo: muuguzi anapaka siki na kutazama kama kuna mahali panapogeuka peupe. Ni kipimo cha dakika chache, na kinaweza kuokoa maisha. Kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14 kuna chanjo. Rwanda ilianza kuitoa kwa nchi nzima mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018. Wazazi waulize kituo cha afya kuhusu chanjo hiyo.

Yule mama tulimwendea nyumbani kwake, tukamwomba msamaha mbele ya mume wake na wazee walewale. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini siku ile hatukumwita hata muuguzi mmoja. Tangu hapo, nyumba ikija kwetu na neno la ugonjwa wa namna hii, tunaituma kwanza hospitali, na baraza la wazee linangoja.