Sakafu ya Jiko: Mbao au Vigae?

Kwa wiki mbili nyumbani kwetu hapakuwa na maelewano. Nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka saba ilikuwa imefikia hatua ya sakafu, na fundi alisubiri neno moja tu: jikoni tuweke nini?

Mume wangu alitaka mbao. Marehemu baba yake, aliyekuwa seremala Tabora, alimwachia mbao za mninga, naye aliona hakuna mahali pa heshima pa kuzitumia kuliko nyumba yake mwenyewe. Mimi nilitaka vigae vyeupe vinavyong'aa kama vya jirani yangu. Kila mmoja alishika lake.

Huenda na wewe, mama mwenzangu, unakaribia kufanya uamuzi kama huo. Hebu tuangalie kila upande.

Mbao

Mbao ni nzuri mguuni. Haina ubaridi wa asubuhi, haichoshi miguu ya mama anayesimama muda mrefu, na kikombe kikianguka huenda kikapona. Mninga una sifa zaidi: ukikaushwa vizuri haupindi ovyo, na moyo wake hauliwi na mchwa kwa urahisi.

Lakini jikoni kuna maji. Mbao hunyonya maji ikavimba, na ikikauka husinyaa. Jambo hilo likirudiwa kila siku mbele ya sinki, viungo huachana, maji hupenya chini, na mbao hubinuka au kuoza. Vanishi husaidia, ila huchubuka, na baada ya muda ni lazima sakafu ipigwe msasa na kupakwa upya. Tena wengi wetu bado tunatumia mkaa. Kaa moja la moto likidondoka huacha alama isiyotoka kwa kufuta.

Vigae

Vigae, au marumaru kama wengi tunavyoviita, ni udongo uliochomwa. Haviungui, haviliwi na mchwa, na mafuta yakimwagika hufutika kwa maji ya sabuni. Hata hivyo havifanani vyote. Vigae vya ukutani ni vyepesi na hunyonya maji mengi. Visiwekwe sakafuni hata kama bei yake inavutia, kwa maana vitapasuka. Vigae vya porcelain ni vigumu kuliko vyote, na hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake.

Soma boksi kabla ya kulipa. Alama ya PEI, inayofika hadi 5, huonyesha uso wa kigae unavyostahimili kukwaruzwa. Kwa jiko la nyumbani 3 au 4 inatosha. Alama ya R, kuanzia R9 hadi R13, huonyesha kigae kinavyozuia kuteleza. Kwa jikoni tafuta R10 au zaidi. Alama hii ya pili mimi sikuijua, na kutoijua kuliniumiza.

Siku niliyoanguka

Jirani yangu alikuwa na sherehe ya kipaimara ya mwanawe, nasi wanawake tulikwenda kusaidia kupika. Nilikuwa nimebeba sufuria ya maji ya moto. Mtu alikuwa ameosha mchele karibu na mlango, na maji kidogo yalibaki kwenye vile vigae vyeupe nilivyovitamani. Sikuyaona. Mguu uliteleza, nikaanguka pamoja na sufuria. Maji yaliniunguza kuanzia gotini hadi kwenye kifundo cha mguu, na kovu ninalo hadi leo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mtoto wa jirani wa miaka mitatu alikuwa ametoka tu kupita pale.

Mama mkwe alipokuja kuniuguza, tulimweleza ubishi wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mwanawe, "Baba yako alikausha mbao zile kwa miaka. Hakuzikausha ili zimwagiwe maji ya vyombo." Mume wangu akainamisha kichwa. Kisha mama akanigeukia: "Na wewe, mkwe wangu, ukiweka vile vinavyong'aa, mimi nikija na magoti yangu haya nitakanyaga wapi?"

Ubishi uliishia hapo. Ule mninga tuliutengenezea meza ya kulia chakula na milango ya makabati, na kila mgeni huuliza habari zake. Jikoni tuliweka vigae vya rangi ya udongo, vyenye uso wa kukwaruza kidogo. Havisifiwi na mtu, lakini hakuna aliyeanguka.

Kabla hujanunua

Dukani omba kigae kimoja, kimwagie maji, kisha kikanyage pekupeku na kwa kandambili. Kikiteleza pale, kitateleza na nyumbani.

Piga hesabu mapema. Jiko la mita 3 kwa 4 lina mita 12 za mraba. Kwa vigae vya sentimita 40 kwa 40 utahitaji 75. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika, yaani nunua 83. Vinavyobaki vitunze, baada ya miaka mitano huenda usipate rangi ile ile.

Msimamie fundi. Saruji ienee chini ya kigae chote, si mafungu pembeni tu. Ikikauka, gonga kila kigae kwa sarafu. Kinachotoa mlio wa uwazi kina nafasi chini yake, na sufuria ikiangukia hapo kitapasuka.

Kama fedha hazitoshi, usione aibu. Sakafu ya saruji ni imara na husafishika vizuri. Mwambie tu fundi asiipige niru ikawa laini kama kioo, maana nayo ikilowa huteleza.

Mbao zina nafasi yake sebuleni na vyumbani, mahali pakavu. Jikoni, chagua sakafu ukiifikiria ikiwa imelowa, siku ya wageni, mtoto akikimbia na wewe ukiwa na sufuria mkononi. Itakayokufaa siku hiyo itakufaa siku zote.